Neno la Staha

Wino hajakaa sawasawa kwenye kiti, mwanasheria wa serikali akamsukumia faili juu ya meza.

"Mzee wangu, hebu nisomee hapo, mstari wa nne kutoka chini."

Wino akatafuta miwani mfukoni, akaikosa, akaikuta kichwani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahauliwa pale kituo cha polisi. Wote, kuanzia mkuu mpaka mahabusu wazoefu, walimwita Wino, kwa sababu ya ile kalamu yake ya kujaza wino na mwandiko uliolala vizuri kama nywele zilizochanwa. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu, na wenzake walikuwa wameshaanza kuitolea macho meza yake ya dirishani.

"'Nikiwa bafuni, mshtakiwa aliniingilia bila ridhaa yangu, nikapiga kelele, akakimbia,'" akasoma.

"Nani aliyachukua maelezo hayo?"

"Mimi. Miaka kumi na moja sasa."

"Haya. Soma na hii."

Ilikuwa barua fupi. Upande wa nyuma wa karatasi palikuwa na vipimo vya nguo ya mtu: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Upande wa mbele palikuwa na mwandiko mnene wa mtu asiyeandika mara kwa mara. *Mheshimiwa, yule fundi bomba hakunibaka, wala sikupata kusema kwamba alinibaka. Alichonifanyia nilikisema kituoni. Kitafuteni mlikokiweka.*

"Huyu ndiye mlalamikaji mwenyewe," alisema mwanasheria. Alikuwa msichana wa umri wa binti yake Wino wa mwisho, na alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa kofia ya kalamu kila anapofikiri. "Fundi cherehani. Tulimpelekea hati ya wito kwa ajili ya rufaa, akaona neno 'kubaka', akatuletea hiyo. Sasa nisikilize. Rufaa ni kesho saa tatu asubuhi. Bosi wangu anasema mama huyu alidanganya, ama siku ile ama sasa. Vyovyote vile ni mwongo, na mtu kakaa ndani miaka kumi na moja kwa mdomo wake. Hati yake ya mashtaka hii hapa. Imebaki tarehe."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema wewe ulimsikia kwa masikio yako. Niambie alidanganya lini. Nakupa mpaka saa kumi."

Wino akafunua faili taratibu, karatasi moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Akasimama kwenye fomu ya daktari. Michubuko mitatu kifuani, upande wa kushoto. Chini yake daktari alikuwa ameandika: sehemu nyingine hazikupimwa, mgonjwa amesema hakuna haja.

"Umeiona hii?"

"Nimeiona."

"Mwanamke amebakwa, kakimbilia hospitali saa ile ile, halafu daktari anamwambia nikupime, anasema hakuna haja?"

"Hata hakimu aliliona. Aliandika kwamba ni haya ya kike." Mwanasheria akagonga meza. "Adhabu ya kubaka ni miaka thelathini, mzee wangu, na hakimu hana ruhusa ya kupunguza hata siku. Kama alikosea, alikosea kizito."

Kwenye korido ya kituo mfagiaji wa jengo alikuwa anakamua tambara juu ya ndoo. Mwanamke mwembamba, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi.

"Habari za asubuhi, dada," Wino akasema.

Mwanamke akaendelea kukamua. Miaka minne mwanamke huyo anafagia hapo, na miaka minne Wino anamsalimu haitikiwi. Alishajiambia kwamba dada wa watu hasikii vizuri. Akapita pembeni asikanyage palipo na maji.

*

Gerezani, fundi bomba aliletwa na bisibisi mfukoni. Askari magereza akamnyang'anya mlangoni, akacheka.

"Huyu tukimtoa humu, mabomba yote yatalia," askari alisema. "Afande, mwacheni tu."

Fundi bomba hakucheka. Alikaa, akaweka mikono mapajani kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu. Alikuwa ameingia humo na nywele nyeusi. Sasa kichwa kilikuwa kimeota unga.

"Barua ya fundi cherehani umeisikia?"

"Nimeisikia. Nililia."

"Nani aliyekuchongea?"

"Zamani nilidhani ni mwenye nyumba. Tulikuwa wapangaji watano, bafu moja, na mimi na yeye tulikuwa hatupikiki chungu kimoja. Nikasema huyu ndiye kampanga mwanamke." Akatikisa kichwa. "Nimefikiria miaka yote hii, afande. Mwenye nyumba siku ile hakuwepo. Alikuwa msibani kwao."

Wino alikuwa amelishika hilo jina la mwenye nyumba, alilolikuta kwenye faili, toka asubuhi, akiamini ndipo uzi utakapofumukia. Akalikata kwenye daftari lake kwa mstari mmoja.

"Basi tuache watu. Siku ile ulifanya nini? Si ulichosema mahakamani. Ulichofanya."

Mtu yule akatazama mlango, akatazama sakafu.

"Nilisukuma mlango wa bafu."

"Ulikuwa haujafungwa?"

"Ulikuwa hauna komeo."

"Komeo lilikwenda wapi?"

"Nililitoa mimi asubuhi."

"Ili ulitengeneze?"

Hapo fundi bomba akageuza viganja vyake mapajani, akavitazama.

"Hapana," akasema. "Sikulitoa nilitengeneze."

"Endelea."

"Nikaingia. Anaoga. Nikamshika."

"Wapi?"

"Afande na wewe!"

"Wapi?"

Fundi bomba akajigusa kifua chake mwenyewe kwa vidole, upesi, kama anayegusa sufuria ya moto. Wino akaandika *akamshika*, na baada yake akachora kistari kifupi, akaendelea.

"Kisha?"

"Akapiga kelele, nikakimbia. Hapo ndipo mwisho wake. Kama kuna zaidi ya hapo, nisitoke humu mpaka nife."

"Mahakamani ulisema hukuingia bafuni kabisa. Hakimu akaona umemdanganya kwa hilo, akakataa na mengine yote."

"Mama yangu alikuwa amekaa benchi la mbele, afande. Kavaa nguo yake ya sikukuu. Ningesema mbele yake kwamba nililitoa komeo?" Akajifuta uso kwa bega. "Alifariki mwaka wa tano. Amekwenda anajua mwanawe ni mbakaji. Ningesema lile dogo, angalau angekwenda na lile dogo."

"Usiliite dogo," Wino akasema.

"Samahani."

"Usiniombe mimi."

*

Fundi cherehani alikuwa na kibaraza chenye mashine mbili, moja mbovu. Alimpima Wino kwa macho toka mabegani mpaka viatuni, kama wapimavyo watu wa kazi hiyo, na hakumkaribisha kiti.

"Ni wewe," alisema. "Umenenepa."

"Uzee, mama."

"Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kuuliza. Mahakamani waliposoma maelezo yako, mwendesha mashtaka alikuuliza: 'Ni kweli huyu alikuingilia?' Ukajibu ndiyo."

"Ndiyo. Si aliniingilia? Nipo bafuni, sina hata kanga, mtu anasukuma mlango anaingia. Utasemaje hapo? Aliniingilia bafuni!"

"Akakuuliza, 'Bila ridhaa yako?'"

"Kwani alipiga hodi nikamkaribisha?" Akakanyaga mashine kwa hasira, sindano ikapita hewani bila kitambaa. "Watu wamejaa mle ndani, wengine wamekuja kunisikiliza tu wapate la kusimulia. Nilitaka kujibu niondoke. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wiki ile ile nikahama mtaa. Nikajua kafungwa, nikasema afungwe, amestahili. Nilidhani miaka miwili, mitatu. Sikuwa na haja ya kuuliza."

"Kituoni ulisema nini? Kwa maneno yako."

"Unaniuliza wewe? Wewe ndiye uliyekuwa unaandika."

"Nisaidie."

"Nilisema: alisukuma mlango naoga, akanishika matiti kwa mikono yote miwili, akaniminya mpaka nikaumia, nikapiga kelele, akakimbia. Hivyo hivyo. Mimi ni fundi cherehani, afande. Kifua, titi, nyonga, makalio, nayataja kutwa nzima na utepe mkononi, siyaonei haya. Wewe ndiye uliyeona haya. Nilipotaja ulifunika kalamu, ukaangalia dirishani."

Wino aliangalia mashine mbovu.

"Wanataka kukushtaki kwa kudanganya mahakama," akasema.

"Nimesikia."

"Na yule anaweza akatoka kesho."

"Ndilo ninalotaka kukwambia, na ulisikie vizuri." Akasimama. Utepe ukaning'inia shingoni kama nyoka mfu. "Miaka thelathini kwa lile alilonifanyia ni nyingi. Nimelala nalo toka nilipoiona ile hati, nahesabu alikuwa na umri gani, sasa ana umri gani. Lakini msije mkamtoa kama mtu aliyesingiziwa. Akitoka hivyo, mimi mwongo mpaka kaburini, na lile alilonifanyia halijafanyika. Kilichoandikwa si changu na kilicho changu hakijaandikwa popote! Mkimpunguzia, mpunguzieni kwa kuandika alichokifanya. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"Umeelewa ama unanistahi?"

Wino akafunga daftari lake. Akaomba njia.

*

Kilichobaki kichwani mwake kilikuwa kitu kimoja, na alikishikilia kwa nguvu: mpiga chapa. Maelezo yote enzi zile yaliandikwa na askari kwa mkono, yakapelekwa kwa mpiga chapa, na mlalamikaji akaweka sahihi kwenye karatasi iliyochapwa. Mpiga chapa akichoka anaruka mstari. Mpiga chapa mwingine anafupisha. Njiani Wino alikuwa ameshamsamehe bibi wa watu kabla hajafika.

Bi Taipu, kama walivyomwita mpiga chapa huyo, alikuwa amekaa ukumbini kwa binti yake anachambua maharage kwa kugusa. Macho yalikuwa yamemwacha.

"Hatua hizo nazijua," alisema. "Ni yule mtoto wa mwandiko mzuri. Bado hujastaafu? Wamekusahau?"

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Kaa. Usikalie maharage yangu."

Akamweleza. Alieleza kwa upole, akizunguka, kwamba kazi ilikuwa nyingi siku zile, kwamba binadamu hukosea, kwamba pengine mstari uliruka. Bi Taipu alimwacha amalize kabisa. Akatupa jiwe dogo kwenye kopo, likalia.

"Mimi nilikuwa nachapa herufi kwa herufi," akasema. "Hata koma zako zisizo na kazi nilikuwa nakuachia. Unanitafutia kosa langu ili upate pa kujibanza, mwanangu?"

"Sivyo, Bi Mkubwa."

"Ndivyo. Sasa sikiliza. Nilikuja mezani kwako na daftari lako mkononi. Nikakwambia, hapa umeandika *akanishika*, halafu kistari. Kistari nakisomaje? Mashine yangu haina sauti ya kistari. Ukainamisha uso kama mwali. Ukaniambia, 'Andika aliniingilia. Ni neno la staha. Mahakama itaelewa.'"

Maharage yaliendelea kupita kwenye vidole vyake.

"Nikakwambia, neno hilo lina tumbo kubwa, linabeba mengi. Ukasema, 'Bi Mkubwa, wewe chapa tu.' Nikachapa."

Wino alikuwa ametoa kalamu aandike, akaiona mkononi, akairudisha mfukoni. Alikumbuka kama mtu anayekumbuka alipoacha ufunguo: dirisha lile, joto lile, mwanamke yule anataja mwili wake bila kupunguza sauti, na askari wawili vijana mlangoni wanakohoa kuficha kicheko. Alikuwa amedhani anamstiri.

"Kwa nini hukubisha zaidi?" aliuliza.

"Kwa sababu na mimi niliona haya. Nilikuwa mwanamke peke yangu mle ndani. Ningesimama niseme, jamani, kistari hiki ni titi?" Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Na kile kingine ulishakitafuta?"

"Kingine kipi?"

"Juma lile vilikuwa viwili, daftari moja. Kimoja ulikipa neno kubwa kuliko chenyewe. Kimoja ukakipa neno dogo. Nenda stoo ukasome. Usinifanye niseme mimi, mimi kipofu."

*

Karani wa stoo alikuwa amehamishwa, ufunguo ulikuwa kwa mfagiaji. Wino alimkuta kwenye ngazi, akanyoosha mkono. Mwanamke akautoa ufunguo mfukoni, akauweka kiganjani mwake pasipo neno. Dole gumba lake la kulia lilikuwa na kovu la kisu, lililokata kwa mshazari upande wa ndani, kutoka kwenye ncha mpaka kwenye kifundo. Wino aliliona kwa sababu kazi yake ni kuona. Akashukuru, akaingia.

Stoo ilinuka karatasi kuukuu. Maboksi yalipangwa kwa miaka, na juu ya kila boksi palikuwa na vumbi la kuandikia jina. Alitembeza kidole akipita: vumbi, vumbi, vumbi. Boksi la mwaka ule halikuwa na vumbi. Halikuwa na hata chembe. La kushoto lake lina vumbi, la kulia lake lina vumbi, lenyewe safi kama meza ya kulia. Akasimama hapo. Mtu anayefagia stoo angefuta yote au asingefuta lolote. Boksi hili halikufutwa. Lilikuwa linafunguliwa.

Daftari namba nane, lenye maelezo ya juma lile, lilikuwa juu kabisa, si mahali pake kwa mfuatano wa namba.

Alilifungua penye alama ya karatasi iliyokunjwa, akakuta mwandiko wake. *Akasukuma mlango, naoga. Akanishika — kwa mikono miwili, akaniminya. Nikapiga kelele. Akakimbia.* Pembeni, kwa herufi ndogo: *Nikiwa bafuni, mshtakiwa aliniingilia bila ridhaa yangu.* Hicho ndicho alichotumwa. Mwanamke hakudanganya siku ile, hakudanganya leo. Saa yake ilionyesha saa tisa na robo. Angeweza kulifunga daftari akaondoka nalo.

Akahamisha macho kwenye ukurasa wa mkabala.

*Mlalamikaji: mtumishi wa ndani. Hajui kusoma. Anasema mwajiri wake alimfuata jikoni, akafunga mlango kwa ufunguo. Akamwangusha chini. Akam— kwa nguvu. Akamwambia akisema atamsingizia wizi.* Pembeni, kwa mwandiko ule ule uliolala vizuri: *Alimsumbua.* Na kipande cha karatasi ya mahakama kimebandikwa chini kwa pini iliyoshika kutu: kosa la usumbufu, mshtakiwa amekiri, amepewa onyo, aende nyumbani.

Chini kabisa palikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau. Mistari ya kidole ilizunguka vizuri, halafu ikakatwa kwa mshazari na mstari mweupe, kutoka juu mpaka chini.

Wino akakaa juu ya boksi. Alisoma tena. Kisha akaanza ukurasa wa kwanza wa daftari, akaenda nalo mpaka wa mwisho, akihesabu kwa ncha ya kidole. Vistari vilikuwa kumi na tisa.

Nje, kwenye korido, tambara lilikuwa linapita sakafuni, linarudi, linapita.

*

"Hakudanganya," alimwambia mwanasheria. "Wala siku ile wala sasa. Mpiga chapa naye hana kosa. Ni mimi."

Akamwonyesha. Mwanasheria alisoma akiwa amesimama. Kofia ya kalamu haikugonga meza.

"Mzee wangu," alisema mwisho, kwa sauti ya chini, "kistari? Mtu kala miaka kumi na moja kwa kistari?"

"Ndiyo."

"Kosa lake hili ni shambulio la aibu. Kikomo chake miaka mitano. Angekuwa ameshatoka, ameoa, ana watoto wanaosoma." Akaichukua ile hati ya mashtaka ya fundi cherehani, akaichana mara mbili, akatafuta pa kutupa, akabaki na vipande mkononi. "Itabidi uape. Andika hapa hapa. Kesho utasimama uyasome kwa sauti."

Wino akafungua kalamu. Aliandika cheo chake, namba yake, tarehe. Akaandika kwamba mlalamikaji alimwambia hivi, kwa maneno haya: *akanishika*. Hapo nibu ikasimama. Ikakaa papo hapo mpaka wino ukafanya doa. Mwanasheria, msichana wa umri wa binti yake, alikuwa anamtazama. Jasho lilimtoka Wino shingoni kama anayebeba gunia. Akaandika *matiti*. Akaandika *akaniminya mpaka nikaumia*. Akaendelea mpaka mwisho, kisha akaongeza mstari mmoja kuhusu komeo.

"Komeo la nini?" mwanasheria aliuliza. "Linamkandamiza. Alikwambia wewe, mahakama haijui."

"Mama yule ametaka yaandikwe yote. Miaka aliyozidishiwa si yake, arudishiwe. Komeo ni lake."

"Watakuuliza kesho, ujue. Watakuuliza: maelezo ya namna hii umeyaandika mangapi?"

"Nitawaambia kumi na tisa, kwenye daftari hili moja. Mengine sijayafungua."

"Utaondokaje kazini na hilo? Walishakuandalia hafla."

"Wale wenyewe keki," Wino akasema.

Alitoka saa kumi kasorobo, daftari kwapani. Mfagiaji alikuwa amefika mwisho wa korido, anamwaga maji machafu kwenye sinki. Safari hii Wino hakumsalimu. Alisimama hatua tatu kutoka kwake, akavua kofia. Mwanamke aliliona daftari. Akafunga bomba.

"Unalifungua wewe," Wino alisema. "Lile boksi."

"Kila Ijumaa." Kumbe alikuwa anasikia vizuri, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake. "Nilijiandikisha masomo ya watu wazima. Niliposhika herufi, nikaomba kazi hapa. Nilitaka nisome nilichowekea kidole."

"Miaka minne nakusalimu, dada. Sikukutambua."

"Najua. Nilikuwa nasubiri."

 Mkono wa Wino ukaenda kwenye kalamu, kwa mazoea.

"Acha kwanza," mwanamke alisema. Akalichukua daftari, akalifungua penye karatasi iliyokunjwa, karatasi aliyoikunja mwenyewe, akaweka lile dole gumba lenye kovu chini ya kistari. "Hapa huwa nafika nakwama. Nisomee. Mwandiko ni wako."

Mlango wa ofisi ya jirani ulikuwa wazi. Makarani wawili walikuwa ndani, mmoja ameinua kichwa. Wino aliwaona, nao walimwona.

"Alikubaka," akasema.

"Sauti."

"Alikubaka. Mwajiri wako. Jikoni, kwa nguvu. Ulinieleza vizuri, nami nikaandika alikusumbua."

Yule karani akainamisha kichwa. Mwanamke akajifuta mikono kwenye aproni, mbele na nyuma, bila haraka. Akaipindua ndoo tupu, akaikalia, akamsogezea Wino kiti kibovu cha mapokezi.

"Sasa andika," akasema.

Akaanza kusimulia. Wino aliandika kama alivyosemewa, bila kuchagua. Lilipokuja lile neno, mwanamke alinyamaza, akainama mbele, akaitazama nibu ya kalamu ikishuka kwenye karatasi. Haikuchora kistari.